Nyota Tano kwa Pipa la Kahawia

Skelbrough, Yorkshire
Jumanne jioni, Februari 2006

Kwa Mhariri wa Muziki,
Gazeti la Sikio,
London.

Ndugu Mhariri,

YAH: OMBI LA KUPUNGUZA NYOTA ZA ALBAMU "JUMANNE NI YA KAHAWIA" KUTOKA TANO HADI MBILI

Naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako. Najua unapokea barua nyingi za watu wenye shida za kweli, na kama meza yako imejaa, tafadhali iweke hii chini kabisa, mimi nitaelewa. Ila ukiiweka chini kabisa, ningeshukuru kama utaifikia mapema, ili neno lako litoke katika toleo la Jumatano ya wiki ijayo. Alhamisi yake itakuwa nimeshachelewa.

Mimi ni karani katika ofisi ya mapipa ya taka ya baraza la mji wetu. Nina miaka ishirini na mitatu. Nilisoma historia chuo kikuu na nikafaulu vizuri, jambo ambalo silitaji kwa majivuno bali ili ujue kwamba sikukurupuka kuandika. Kazi yangu bado ni ya majaribio. Alhamisi ya wiki ijayo mkuu wetu, Bi Maureen Haigh, ataniita ofisini kwake, atafunga mlango, atanimiminia chai, kisha ataniambia kama nimethibitishwa kazini au nirudi kwa mama yangu moja kwa moja. (Kwa sasa narudi kwa mama yangu jioni tu.)

Kati yangu na Alhamisi hiyo imesimama albamu ya kwanza ya vijana wanne wa mji huu wanaojiita Wajomba wa Harusini, na nyuma ya albamu hiyo zimesimama nyota zenu tano. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Kwamba mmeisifu kupita kiasi.

Mhakiki wenu, Bi Philippa Thorne, ambaye sina ugomvi naye na ambaye uandishi wake ni mzuri sana, ameandika hivi: "Kabla gitaa halijalia, tunasikia kwenye simu sauti ya mtu asiyejulikana, akiomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Kwa miaka mingi sijasikia huzuni safi namna hii katika muziki wa nchi yetu. Ndani ya sauti ile mna mvua, mna Jumapili alasiri, mna taifa zima limepanga foleni."

Ndugu Mhariri, sauti ile ni yangu. Mle ndani hamna taifa. Mna boksi la piza.

2. Namna sauti yangu ilivyofika humo.

Wajomba wa Harusini wamepanga nyumba Mtaa wa Garnet, jirani na duka la samaki na chipsi. Kama nyumba zote za Skelbrough, wana pipa la bluu la karatasi, pipa jeusi la takataka za kawaida, na pipa la kahawia la majani, matawi na maganda ya viazi. La kahawia huchukuliwa Jumanne. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Lakini watu wa gari la taka walipofungua pipa la kahawia la vijana hawa, walikuta boksi la piza, tena lenye mafuta.

Katika ofisi yetu hatukimbilii ukali. Kwanza tunapiga simu. Kibandiko chekundu huja baadaye, na barua huja mambo yakiwa yameharibika kabisa. Basi nilipiga simu mchana, wao wakiwa bado wamelala, mashine yao ya kurekodi ujumbe wa simu ikapokea, nami nikaacha ujumbe. Huenda umeusikia. Nasikia umesikika hadi Ubelgiji. Nauandika hapa kwa ajili ya kumbukumbu:

"Habari za mchana. Samahani sana kuwasumbua. Ni mimi tu, wa ofisi ya mapipa. Nadhani, na huenda nimekosea, kuna boksi la piza ndani ya pipa lenu la kahawia. Si kitu. Hakuna aliyeumia. Ila Jumanne ni ya kahawia, na boksi... basi. Samahani. Kwaheri. Samahani."

Wiki iliyofuata boksi lilikuwepo tena, nikapiga tena. Na wiki iliyofuata. Bi Thorne anasema kwamba sauti yangu inazidi kufifia kutoka ujumbe mmoja hadi mwingine, "kama mtu anayezama polepole katika ziwa la adabu yake mwenyewe." Ukweli ni kwamba Bi Haigh alikuwa amehamia meza ya jirani kwa sababu dirisha lake lilikuwa linavuja, naye alikuwa anakula biskuti zake za tangawizi, na sikutaka kumsumbua. Kuhusu ule ujumbe wa mwisho wa albamu, ambamo nanyamaza kwa muda mrefu, na ambao mhakiki wa gazeti jingine aliuita "ukimya wa kishujaa kuliko wote tangu gitaa la umeme livumbuliwe," nilikuwa natafuta kalamu.

Kumbe mashine ile ilikuwa inahifadhi kila kitu. Vijana walipoamka walisikiliza, wakacheka, kisha, kwa maelezo ya mpiga ngoma wao kwenye gazeti lenu, "hatukucheka tena." Wakaupanga ujumbe wangu katikati ya nyimbo zao kama mtu anavyopaka siagi katikati ya mikate.

3. Kwamba wanadai niliwaruhusu.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana niliwakatalia kwa ukali ambao sijawahi kuutumia kwa binadamu mwingine.

Mwimbaji wao, Kieran Dacre, alikuja kaunta kwetu siku ya mvua, koti lake la ngozi likichuruzika maji juu ya vipeperushi vya mbolea. Nyuma yake alisimama bwana mmoja mrefu, Mmarekani, aliyekuwa akiwasimamia kurekodi. Bi Haigh alikuwa amekwenda chakula cha mchana.

"Kaka, ndiwe wa ile simu?" Kieran aliuliza.

Nilimjibu kwamba hilo linawezekana.

"Tunataka sauti yako kwenye albamu. Unasemaje? Sema tu ukweli, kaka, hatutakasirika."

Nami nikamwambia, nikimtazama usoni: "Hilo ni wazo la kuvutia sana. Nisingependa hata kidogo kuwa kizuizi."

Ndugu Mhariri, wewe ni mtu wa nchi hii. Unajua maneno hayo maana yake nini. Bibi yangu mzaa mama aliwahi kumwambia hivyo bwana aliyemposa, na yule bwana alihamia Kanada. Kieran naye ni mtoto wa Skelbrough, alielewa papo hapo. Uso ulimshuka, akasema kwa upole, "Aa. Basi poa, kaka. Samahani kwa kukusumbua," akageuka aondoke. Mambo yangeishia hapo, na leo ningekuwa nalala usingizi.

Lakini yule Mmarekani alinyoosha mkono juu ya kaunta, akaushika wangu na kuutikisa kama anapampu maji. "Safi sana, rafiki yangu! Kieran, umesikia? Kakubali!"

Kieran alinitazama. Nilimtazama Kieran. Sote wawili tulijua kwamba nimekataa, na sote wawili tulijua kwamba haiwezekani tena kulisema. Mtu akishakushika mkono kwa furaha, kumwambia "hapana" ni kama kumwagia supu. Na kukataa mara ya pili, baada ya kukataa vizuri mara ya kwanza, ni utovu wa nidhamu. Nilijikaza, nikatumia neno kali la mwisho nililokuwa nalo: "Basi, nawatakieni kila la heri."

Yule Mmarekani akanikumbatia. Juu ya kaunta. Vipeperushi vyote vilianguka.

4. Yaliyotokea ukumbini, na habari za Barry.

Usiku wa kuizindua albamu nilikwenda ukumbini, si kwa kupenda, bali kukagua kiasi cha madhara. Nilivaa kofia ya marehemu babu. Vijana walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Taa zilipozimwa na sauti yangu ikatoka kwenye spika, kubwa kama ya Nabii, ukumbi mzima ulinyoosha mikono juu. Kisha watu wote, pamoja na mlinzi wa mlangoni, wakapiga kelele pamoja nami: "Samahani! Kwaheri! Samahani!"

Kando yangu alikuwepo msichana mwenye nywele zilizopakwa rangi ya bluu. Alikuwa analia. Akaniambia, "Huyu mtu simjui, lakini yeye ananijua."

Nilimwambia kwamba labda ni karani tu aliyekuwa anafanya kazi yake.

"Wewe huna moyo," akasema, akahama.

Barry Mossop ndiye dereva wa gari letu la taka. Ni mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kwaya, na huogopa kitu kimoja tu, yaani mke wake. Kwa kuwa mji wote unajua kwamba sauti imetoka ofisi ya mapipa, na kwa kuwa Barry ndiye mtu wa mapipa wanayemfahamu, watu wamekata shauri kwamba ni yeye. Baani wanamuuliza, "Barry, ni wewe au si wewe?" Naye hufuta povu mdomoni, hutazama dari, na kusema, "Mimi siwezi kusema ni mimi. Wala siwezi kusema si mimi. Msanii ana siri zake." Baada ya hapo hanunui bia yake mwenyewe usiku kucha.

Jambo hilo haliniumi. Nalitaja kwa ajili ya ukamilifu. Nitaongeza tu kwamba wanapomwomba aigize, huiweka sauti juu mno, husema "samahani" mara moja tu mwishoni, na huharakisha pale kwenye "huenda nimekosea," mahali ambapo mtu hapaswi kabisa kuharakisha.

5. Kuhusu Bi Haigh.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Ofisi yetu ina sheria kwamba mtumishi haruhusiwi kujitangaza kwa umma akiwa kazini bila idhini. Mwaka jana mwenzetu Colin alipigwa picha na gazeti la hapa akiwa amevaa koti la baraza katika mashindano ya kula pai. Alishinda. Hatunaye tena ofisini.

Kwa muda nilijipa moyo kwamba Bi Haigh hatausikia muziki huu, kwa sababu yeye husikiliza redio anapomenya viazi tu. Kisha nyota zenu tano zikatoka, redio ya mkoa ikazisoma, na sasa wanaupiga ule wimbo wa kwanza kila siku saa ya kumenya viazi. Jumatatu ya wiki iliyopita Bi Haigh aliingia ofisini, akachukua kopo lake la maji, na huku akimwagilia maua yake dirishani akaanza kuimba kwa sauti ya chini: "Hakuna aliyeumia... hakuna aliyeumia..."

Nilipaliwa na chai.

"Mwanangu, umeusikia huu wimbo?" akaniuliza.

Nilisema nimesikia ukitajwa.

"Huyu anayeongea mwanzoni namjua. Sauti hii naijua! Imenikwama hapa," akajigusa koo, "kama mfupa wa samaki. Watu wanasema Barry. Barry gani? Barry hajaomba radhi tangu abatizwe. Nitamkumbuka tu, kipenzi. Na siku nikimkumbuka, ajue mimi na yeye tutafunga mlango tuongee."

Tangu hapo nikiwa ofisini naongea kwa sauti nzito. Koo linaniuma. Ijumaa mama alipiga simu ofisini kunikumbusha maziwa, nikapokea kwa sauti hiyo nzito, akaomba radhi kwa kukosea namba, akakata. Jioni tulikunywa chai ya rangi.

6. Kwamba nyota zenu zimeharibu mapipa ya mji.

Huenda ukasema, Ndugu Mhariri, kwamba shida ya karani mmoja haiwezi kuzuia sanaa. Nakubaliana nawe kabisa. Basi tuache mimi, tuangalie mji.

Tangu tahakiki yenu itoke, vijana wa Skelbrough wanatia maboksi ya piza ndani ya mapipa ya kahawia kwa makusudi. Wanataka wapigiwe simu. Wengine huandika namba zao juu ya boksi kwa kalamu nene, na chini yake: "Tunangoja." Si vijana peke yao. Bi Edna Lumb wa Mtaa wa Chapel, mjane wa miaka themanini na zaidi, ambaye hali piza kwa sababu ya meno, alinunua moja, akampa mbwa, akatia boksi katika pipa la kahawia akakaa kando ya simu. Nilipompigia, akasema, "Subiri hapo hapo, kipenzi, usikate, nimwite jirani." Nikasubiri. Jirani akaja. Ikabidi niseme yote tangu mwanzo. Wakapiga makofi.

Nilijaribu kupiga simu bila kuomba radhi. Nilijaribu kwa dhati, mara moja, kwa bwana mmoja wa Mtaa wa Mill. Niliposema tu, "Kuna boksi ndani ya pipa lako," pakawa na ukimya mbaya sana, nikamwomba radhi mara nne.

Sasa fuatana nami polepole. Yaliyomo kwenye mapipa ya kahawia hupelekwa kuoza yawe mboji. Mboji hiyo hutiwa katika bustani za mji. Katika bustani za mji ndimo yalimo mawaridi tunayopeleka kwenye mashindano ya miji yenye maua, ambayo kila mwaka tunashindwa na Otterby, mji wa watu wenye majivuno ambao hata chai hawajui kupika. Mwaka huu tulikuwa na matumaini. Lakini mawaridi yaliyolelewa kwa mafuta ya jibini hayawezi kumshinda mtu. Tukishindwa tena, meya ataanguka. Meya akianguka, baraza litaingia mikononi mwa wale wanaotaka pipa moja tu la kila kitu. Na nchi inayotia majani, magazeti na mifupa katika pipa moja, nakuuliza kwa heshima zote, itakumbuka vipi kupanga foleni?

Sisemi kwamba nyota tano zitaiangusha Uingereza. Nasema tu kwamba nimekaa nikatafuta mahali zitakapokomea, sikupaona.

7. Ninachoomba.

Naomba mchapishe sahihisho dogo, hata pembeni, hata chini ya matangazo ya gitaa kuukuu, kwamba albamu ile ilistahili nyota mbili. Nimefikiri sana juu ya idadi hii. Moja ingewavutia watu kuisikiliza waone ubaya wake. Kwa tatu, watu wangewanunulia shemeji zao albamu hiyo siku za kuzaliwa. Mbili ndiyo idadi ambayo hakuna Mwingereza aliyewahi kutoka nyumbani kwa ajili yake. Redio itaacha kuipiga, Bi Haigh atamenya viazi vyake kwa taarifa ya hali ya hewa, mfupa utamtoka kooni, nami Alhamisi nitakunywa chai yangu kwa amani.

Ili kumpunguzia Bi Thorne kazi, nilijaribu mwenyewe kuandika tahakiki mbaya ambayo angeweza kuitumia. Nimekaa nayo jioni kadhaa. Nanukuu sehemu zilizo kali zaidi:

"Wimbo wa pili ni mrefu kidogo, ingawa sikuwa na haraka."

"Mpiga ngoma anapiga kwa nguvu mno, lakini bila shaka ana sababu zake."

"Maneno ya wimbo wa tano sikuyaelewa. Huenda kosa ni langu."

Naona hazitoshi. Mama alizisoma akauliza kama nataka kumnunulia albamu hiyo Krismasi. Ninyi wa London mna uzoefu zaidi wa kuumiza watu, nami nitaukubali ukali wowote mtakaouona unafaa. Kama mtapenda kuiponda sauti yenyewe, tafadhali msinionee haya. Semeni inachosha. Semeni haina uhai. Nitashukuru.

Nisikuchoshe zaidi. Nisalimie Bi Thorne, na umwambie kwamba sina kinyongo, na kwamba pale alipoandika "mvua" aliandika vizuri. Wasalimie wapiga chapa, na yule anayefungua barua, na yule anayepika chai kama ni mwingine. Mama anakusalimu, hajui ninakuandikia nini, lakini ameniona naandika akasema nikusalimu. Kama kuna mtu hapo nimemsahau, naye nampa salamu na kumwomba radhi.

Ni mimi, mwenye hofu na heshima nyingi,

Karani wa mapipa
(Jina langu tafadhali lisitajwe popote. Sikuliandika, nisije nikakutia katika majaribu.)

Baada ya kufunga bahasha, nimeifungua tena. Leo ni Jumatano asubuhi. Nilikuwa nimekwenda duka la magazeti kununua stempu, nikaliona gazeti la Besi, ambao ni wapinzani wenu, nao wameihakiki albamu. Wameipa nyota mbili. Kwa hiyo nilichokuomba kwa kurasa zote hizi, Ndugu Mhariri, kuna mwingine alikwisha kunifanyia bila kuombwa, nami nilipaswa kurudi nyumbani nikiruka.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Mhakiki wao, bwana fulani Giles, anasema hivi: "Sauti ya simuni ni ya mwigizaji wa kukodiwa, tena wa bei ya chini. Hakuna karani wa kweli anayeongea hivyo. Msikilizaji mwenye masikio anatambua mara moja kwamba mtu huyu hakuwahi kuliona boksi hilo, na hata angeliona, asingejali."

Asingejali!

Mwenye duka, Bi Kaur, aliniuliza, "Utalinunua hilo, kipenzi, au unataka kulirarua hapa hapa?" Nikaona kweli limekunjika mikononi mwangu. Nimelinunua. Nimemwomba radhi Bi Kaur, lakini huyo Giles sijamwomba, na sidhani kama nitamwomba.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu, kuanzia namba moja, naomba uyaone kama hayakuandikwa. Nyota tano zibaki. Kama sheria za gazeti lenu zinaruhusu ya sita, hamtanisikia nikilalamika. Na katika toleo la Jumatano ijayo, mahali penye kuonekana, kwa herufi za ukubwa wa kutosha mtu kuzisoma akimenya viazi, naomba mchapishe kwamba sauti ile si ya mwigizaji, wala si ya dereva yeyote, bali ni ya Wilfred Sugden, Ofisi ya Mapipa, Skelbrough. Najua siku inayofuata Jumatano ni siku gani. Chapisheni.

Na mwambieni huyo bwana kwamba boksi niliambiwa liko humo asubuhi, na sikupiga simu mpaka mchana, kwa sababu nilivaa koti nikaenda Mtaa wa Garnet kulitazama kwa macho yangu. Lilikuwa limelowa. Majani yote yaliyokuwa chini yake yalikuwa yameharibika. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

W. Sugden